Re: Senene ofisini, na nyamapori Nairobi inapatikana wapi?

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mimi mgeni Nairobi, nakaa South B, natokea Bukoba. Nilipeleka senene wa kukaanga, wale panzi tunaokula kwetu, kazini, wawili wakala wakaomba tena, dada mmoja akainuka akatoka nje kabisa, bosi akaniambia vitu hivyo nisilete tena. Imeniuma jamani. Halafu kuna jamaa yangu Arusha anataka kunitumia nyama ya swala kavu kwa basi la Namanga, au hapa kuna mabucha ya nyamapori ninunue mwenyewe?

---

Marahaba mdogo wangu, karibu. Naanza na la swala maana hilo ndo litakufunga. Mpigie huyo jamaa leo hii asitume kitu. Kwetu Tanzania tangu 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni kwahiyo mtu anaona ni kitoweo tu kama kingine, ila Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na sheria yao ya wanyamapori ya 2013 inasema hata kukutwa na hiyo nyama tu ni kosa, risiti ya Arusha haikusaidii kitu. Mamba na mbuni utakaosikia wanaliwa Carnivore, ule mgahawa wa nyama choma pale Lang'ata Road, ni wa kufugwa. Na hata kusimulia mezani ulivyokula swala, pima kwanza upo na nani, wengi hapa wanasikia ujangili.

Sasa senene. Bosi wako hakukutendea haki, nalisema wazi. Nairobi hii hii kuna Waluhya na Wajaluo wamekua wakila kumbikumbi na ugali mvua zikianza, wazee wa Kikuyu zamani hata samaki walikuwa hawali na leo wajukuu wao wanagombania tilapia Gikomba, Eastleigh ngamia ananing'inia buchani na maziwa yake mimi siku hizi siyaachi, mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, inachomwa kila kona jioni na Muislamu hagusi kwa sababu ya ile damu hata kama mbuzi kachinjwa vizuri. Kila mtu ofisini kwenu ana chakula ambacho aliye meza ya pili hawezi kukitazama, kwanini chako tu ndo kiwe aibu?

Ila yule dada usimkasirikie. Kinyaa mtu hakichagui, na hakuna ubishi utakaokitoa. Safari nyingine sema mapema umeleta nini, weka kwenye chombo chenye mfuniko, anayetaka akufuate. Na muulize kila anayeonja kama kamba wa baharini wanamdhuru, maana mwenye aleji ya kamba wadudu pia wanaweza kumletea shida, hilo watu wetu wengi hawalijui.

---

Naongezea kwa aliyosema dada aliyejibu hapo juu. Nyama ya kila siku, mbuzi wapo Kiamaiko, ng'ombe nunua bucha ambalo nyama ina muhuri wa mkaguzi, usione haya kuomba uonyeshwe. Kuna watu wamekamatwa hapa wakichinja punda vichakani na kuuza kama ng'ombe, sasa ukikuta bei iko chini kuliko mtaa mzima usisimame hata kuuliza.