Meli za vita na watoto: Kigoma au Mombasa?

BabaPacha_AreaC: Wakuu, mwanangu wa darasa la sita kichwa kimejaa meli za vita, na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo. Desemba nataka kumtoa. Tupo watano. Nipime Kigoma kwenye MV Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, au ngome ya Fort Jesus, Mombasa?

MtuWaReli: Kigoma, sifikirii mara mbili. Mkuu, hiyo meli ilipita hapa hapa Dodoma! Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, ikashuka Dar na kupandishwa reli ya kati. Kigoma ikaunganishwa upya, ikaingia ziwani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 walipozidiwa wakaizamisha wenyewe, ila mafundi waliipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba. Mpande reli hiyo hiyo, dogo ataanza kusoma kabla hamjafika Manyoni.

MamaTuli: Unamshauri kama hana watoto wadogo! Ni mchana na usiku kucha. Wangu wa miaka minne aliuliza "tumefika?" kuanzia Itigi mpaka Tabora. Tena Liemba ni meli ya kazi, usitarajie maelezo ukutani, na imewahi kukaa sana kwenye matengenezo. Ulizia bandarini kabla ya kukata tiketi. Mkiikosa, Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, ila huyo hakuwa na mizinga 😄

Kizota_Boy: Mombasa, kaka. Fort Jesus kuna mizinga ya meli mbili za vita: mmoja wa Königsberg ya Mjerumani na mmoja wa HMS Pegasus ya Mwingereza. Septemba 1914 ya kwanza iliizamisha ya pili pale Zanzibar, leo mizinga yao inakaa ngome moja. Kuna pia vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama hapo chini mwaka 1697.

BabaPacha_AreaC: Königsberg si ilizama Rufiji? Kwa nini tusiende huko, karibu zaidi?

MtuWaReli: Utaona mikoko. Waingereza waliimaliza Julai 1915, tope likameza mabaki. Mizinga yake 10 Wajerumani waliiopoa wakaiburuta kupigania nchi kavu, na mmoja ulifika Kigoma ukafungwa kwenye hiyo hiyo Götzen. Kwa hiyo Mombasa utamwona ndugu yake, nakubali.

MamaTuli: Mombasa ni SGR mpaka Dar, halafu basi la Tanga na mpaka wa Horohoro. Hati za kusafiria za watoto zianze sasa, msisubiri Desemba.

BabaPacha_AreaC: Nimemsomea yote. Kauliza swali moja tu: hayo masanduku 5,000, wakipoteza moja ingekuwaje? Kesho tunapita stesheni kuulizia siku za treni. Mama yake bado anasema Mombasa kuna pweza.