Bunduki ya upepo kwa ajili ya sungura: .177 au .22? Naomba ushauri (niko Lincolnshire)

Mnyaturu_wa_Fens:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba muongozo kwa wenye uzoefu, hasa mlioko huku Uingereza.

Mimi mzaliwa wa Singida, nimekulia kwenye manati. Kwale, tetere, sungura wa kwenye mtama, wote nimewala kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kokoto. Sasa huu ni mwaka wa nne nipo karibu na Boston, Lincolnshire, nafanya kazi kwenye shamba la kabichi. Sungura wa huku ni balaa. Alfajiri ukipita pembezoni unakuta miche iliyopandwa juzi imekatwa vichwa, mistari mitatu minne kuanzia kwenye ua wa miti kuingia ndani, utadhani mtu amepita na fyekeo. Mwenye shamba, mzee mstaarabu sana, ameniandikia barua yenye sahihi kwamba naruhusiwa kuwinda kwenye ardhi yake.

Sijawahi kumiliki bunduki ya aina yoyote. Nimekwenda dukani nikatoka nimechanganyikiwa. Kuna .177 na .22 (upana wa risasi kwa inchi), kuna za springi na za mtungi wa hewa. Halafu jamaa mmoja kazini ananiambia niachane na upepo kabisa, niombe cheti polisi nichukue .22 ya baruti.

Nataka nyama, na nataka kumsaidia mzee. Sitaki kuumiza mnyama bure. Bajeti yangu ni pauni 500, nikijibana 600. Natanguliza shukrani.

Kanga_Mweusi:

Karibu mkuu. Kuhusu sheria kwanza, maana wengi wameumia hapo. England na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, haihitaji cheti ukiwa na miaka 18 na kuendelea. Ikizidi hapo hata kidogo, hiyo ni silaha ya cheti, na ukikutwa nayo huna karatasi utaingia matatani. Ukinunua ya mkononi hakikisha imepimwa mwendo wa risasi kwenye kipimo, usikubali neno la muuzaji.

Kwa sungura mimi ni mtu wa .22. Risasi yake ina uzito wa gramu moja, ikifika inatua kwa kishindo. Hiyo .177 ni nusu gramu tu, inapenya kama sindano. Nina HW95 ya springi mwaka wa saba sasa. Unaukunja mtutu, unaweka risasi, unaufunga, basi. Mvua, baridi, matope, haina cha kuvuja wala cha kujaza. Na unapata darubini na risasi ndani ya bajeti yako.

DadaWaNorwich:

Kanga_Mweusi nakuheshimu kaka yangu, ila kwa mtu anayeanza sikubaliani na wewe hata kidogo.

Hiyo nguvu ya futi-pauni 12 ni ileile kwa zote mbili. Tofauti ni mwendo. Ya .177 inatoka kama mita 240 kwa sekunde, ya .22 kama mita 175. Maana yake .22 inashuka mapema, na ukikosea kukadiria umbali kwa mita tano tu kule kwenye mita 30, umempiga sungura taya badala ya ubongo. Sungura wa taya anaingia shimoni anakufa baada ya siku nyingi. Kwa .177 kosa hilohilo la mita tano bado linaangukia kichwani. Kishindo anachokisema kaka hakina kazi kama risasi haikufika mahali pake, na ikifika mahali pake hata nusu gramu inamlaza hapohapo.

Mahali penyewe ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua sarafu ya peni 20, iweke kati ya jicho na shina la sikio. Hapo tu. Usipige kifua kwa bunduki ya upepo.

Na springi si bunduki ya kujifunzia, ingawa kila mtu anasema hivyo. Ukifyatua, pistoni inakimbia mbele, bunduki inarudi nyuma halafu inaruka mbele, na yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado mtutuni. Ukiibana sana inakwenda pembeni, ukiiegemeza juu ya ukuta inakwenda juu. Inataka kushikwa kilegevu, kama unambeba kifaranga, na kila siku vilevile. Hata darubini ya kawaida inavunjika ndani kwa ule mrusho wa mbele, lazima ununue iliyotengenezwa kwa springi.

MzeeWaAyrshire:

Kijana, mimi nipo Scotland tangu 1988. Kwanza nimkumbushe yeyote anayesoma hapa: huku kwetu tangu 31 Desemba 2016 hata bunduki ya upepo ya futi-pauni 12 inahitaji cheti cha polisi. Ukivuka mpaka kuja kuwinda huku na bunduki yako ya Lincolnshire isiyo na karatasi, umevunja sheria. Vijana wawili ninaowafahamu wameponea chupuchupu.

Sasa hiyo .22 ya baruti. Ninayo, ya kampuni ya CZ, na ninaipenda kuliko mali yangu nyingine yoyote. Risasi ya mwendo mdogo, ile isiyovuka mwendo wa sauti, ina futi-pauni karibu 100, mara nane ya upepo wako. Sungura wa mita 60 unamlaza bila wasiwasi. Lakini wewe upo Fens, ile nchi ya mifereji karibu na Boston. Nimefanya kazi Spalding miaka miwili, naijua ile nchi. Ni tambarare kama meza, na udongo wake ukilowa ni kama umepakwa mafuta. Risasi ya .22 ina tabia ya kuruka: ikigusa ardhi kwa pembe ndogo, jiwe au hata maji ya mfereji, inanyanyuka na kwenda zake inapotaka, na inaweza kusafiri zaidi ya maili moja. Huku Ayrshire nina kilima nyuma ya kila sungura. Kule una nini? Mita 800 mbele yake una nyumba ya mtu na kamba ya nguo.

Unapoomba cheti kwa mara ya kwanza polisi wataiangalia na hiyo ardhi yenyewe. Anza na upepo. Ukikaa msimu mmoja miwili ukajua kila ua na kila shimo, ndipo uombe. Na ukiomba, fikiria pia .17 HMR, ile iliyotoka 2002. Risasi yake ni nyepesi na ya kasi mno, ikigusa kitu inapasuka vipande, hairuki sana kama .22. Lakini ina kelele, na ni ghali.

Mnyaturu_wa_Fens:

Shikamoo mzee wangu. Umenifungua macho, sikuwa nimewaza kabisa habari ya ardhi. Ni kweli, kutoka kwenye ule ua ninaona mnara wa kanisa la Boston kama upo hapa karibu, na ni mbali kweli. Baruti nimeiweka pembeni.

Dada, je, za mtungi wa hewa si zinazidi bajeti?

MzeeWaAyrshire:

Marahaba. Umefanya vyema.

DadaWaNorwich:

Mpya zinazidi, ukiweka darubini na mtungi unapita elfu moja. Tafuta iliyotumika. HW100, Air Arms S410, BSA, zipo nyingi, watu wanauza wakitaka za mtindo mpya. Duka linalouza lazima likukabidhi ana kwa ana, usitume pesa kwa mtu anayekuambia ataituma kwa posta.

Badala ya kuijaza kwa mtungi wa kupiga mbizi anza na pampu ya mkono. Utatoka jasho kuifikisha shinikizo la baa 200, nakuambia ukweli, lakini ukishaijaza unapiga risasi nyingi tu, jioni nzima ya sungura haitazimaliza. Ukinunua mtungi uliotumika, angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni. Ikipita, duka litakataa kuujaza.

Kabla ya kununua chochote nenda klabu ya shabaha iliyo karibu nawe. Mimi nilipofika na hijabu yangu nilidhani watanikodolea macho, kumbe wazee wa pale walinigawia viti na chai, kila mmoja akataka nijaribu ya kwake. Piga tano tano kwa kila bunduki, mita 25, ukiwa umekaa. Ile itakayoziweka zote tano ndani ya ile sarafu ndiyo yako, bila kujali mimi au Kanga_Mweusi tumesema nini.

Kanga_Mweusi:

Hapo kwenye klabu naungana nawe dada. Na la springi kumsumbua anayeanza nakubali, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliwajeruhi sungura wawili, mmoja nilimsikia akilia. Bado siku hizi nikikumbuka ile sauti naishiwa nguvu. Baada ya hapo nilikaa miezi mitatu napiga makaratasi tu.

Ila .22 siiachi.

Bin_Kisauni:

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Mombasa, naishi Leicester. Naona hakuna aliyeligusa jambo la kuchinja, na humu tupo Waislamu.

Risasi ya bunduki wanachuoni wamehitilafiana. Wapo wanaosema inaua kwa kupiga, haikati, kwa hiyo mnyama akifa kabla hujamchinja ni mzoga. Wapo wanaoruhusu kwa sababu inapenya, alimradi umetaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Mimi nilimuuliza shekhe wangu kuhusu hii ya upepo hasa, akaniambia nisile ila niliyemuwahi yu hai nikamchinja. Sasa tazameni ugumu wake: risasi nzuri ya kichwa inamuua hapohapo, na kumpiga vibaya makusudi ili nimuwahi ni kumtesa mnyama, na hilo nalo limekatazwa.

Kwa hiyo bunduki natumia kulinda bustani, na kitoweo natafuta kwa nyavu. Kuna mnyama wanamfuga huku, mwembamba kama nguchiro, anaitwa fereti. Unafunika kila tundu kwa kiwavu kilichofungwa kwenye kigingi, unamtia fereti ndani, unakaa kimya. Utasikia ardhi inadunda chini ya miguu, kisha sungura anachomoka na kiwavu kinamfumba. Unamshika mzima, unaelekea kibla, unachinja. Msimu wake ni baridi, majani yakishakufa na matundu yanaonekana. Ndugu yangu wa Singida, hata kama dini yako si hii, jaribu.

MtuWaNakuru:

Neno moja kwa wanaorudi nyumbani. Msithubutu kuitia bunduki ya upepo ndani ya kontena pamoja na magodoro mkidhani ni kitu cha kuchezea. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na ukienda Tanzania kuna taratibu zake za leseni. Uliza polisi wa huko kabla, kwa maandishi.

DadaWaNorwich:

Na njiwa pori, mkuu, usisahau. Sungura unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi tu, lakini njiwa pori anawindwa chini ya leseni ya jumla ya serikali, huiombi, ila lazima uisome na kuyafuata masharti yake. Kwa England ni GL42. Barua ya mzee peke yake haitoshi kwa njiwa.

Mnyaturu_wa_Fens:

Wakuu, nimerudi na mrejesho, ni wiki ya saba sasa.

Nilikwenda klabu Jumapili tatu mfululizo. Springi ya .22 kwenye mita 25 niliweka mbili au tatu kati ya tano kwenye sarafu, na sikuwahi kujua ni zipi zitatoka. HW100 ya .177 ya bwana mmoja pale niliweka tano, nikaweka tano tena. Nikapata ya namna hiyohiyo imetumika kwa pauni 520 pamoja na darubini, pampu nimeazimwa.

Kuna jambo hakuna aliyenitahadharisha, naliandika kwa atakayekuja baada yangu. Darubini inakaa juu ya mtutu kama sentimita tano. Nilikuwa nimeirekebisha mita 30, nikajaribu kopo la mita nane, risasi ikapita chini ya pale nilipolenga kwa vidole viwili. Ukaribu nao una kosa lake. Nimeandika kikaratasi, mita 10, 15, 20 hadi 35, na alama ya darubini kwa kila umbali, nimekibandika kwenye kitako. Zaidi ya 35 sipigi.

Jioni ya kwanza nililala kifudifudi nyuma ya rundo la masanduku ya kabichi tangu saa kumi na mbili. Wawili walitoka, wote wakawa mita 40 na zaidi, niliwaacha. Wa tatu alichomoka saa mbili kasorobo jua likiwa bado, huku Juni linachelewa, akaja akakaa hatua 24 kutoka kwangu, ubavu wazi, anatafuna mche. Nyuma yake kulikuwa na tuta la mfereji. Nilihisi moyo unanipiga kwenye mashavu dhidi ya mti wa bunduki, nikasubiri utulie. Hakusikia kitu. Alilala palepale, mche ukiwa bado mdomoni.

Nilimkagua asije akawa na ugonjwa, kama mlivyozoea kuwakagua: macho hayajavimba, ini jekundu safi halina madoa meupe. Nikamuungia karanga kama mama anavyofanya kwa kanga, na ugali wa unga niliotumiwa. Kipaja kimoja nimempelekea mzee mwenye shamba. Amenipa ufunguo wa geti la pili, lile la upande wa brokoli.

Bin_Kisauni, kaka, hizo nyavu zinauzwa wapi? Nitakuja Leicester Novemba, nataka nione huyo fereti kwa macho yangu.

Bin_Kisauni:

Karibu sana. Hazina haja ya kununuliwa, nasuka mwenyewe kwa uzi wa nailoni, nitakufundisha. Lete viatu vya mpira na glavu nene. Wangu wa kike anauma.