Naomba ushauri: pesa za watoto za sikukuu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Watoto watatu, miaka 5, 8 na 11, siku nne za Idi kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto Kariakoo, Unguja. Kila mmoja 20,000, mbali na mkono wa Idi wa mashangazi.

Bembea na urojo havina shida. Shida ni miwani ya plastiki na magari ya betri pale mlangoni. Havifiki nyumbani vizima! Kugawa 5,000 kila jioni, kwa sarafu za 500, kumewasaidia wakubwa wawili. Mdogo humaliza zote kabla ya bembea, kisha kaka zake humkopesha, ugomvi unaanza.

Mkono wa Idi uhesabiwe ndani ya 20,000 au waachiwe wenyewe? Na huyu wa miaka 5, apewe pesa mkononi au achague kitu kimoja tu siku ya nne?