Nimeshikishwa TYCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki) na nidhamu kwa wakati mmoja, walezi wenzangu nisaidieni

Ticha_Kemia
Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Nafundisha kemia sekondari moja ya jimbo, ya bweni, jina niliache. Mwaka jana nilipewa nidhamu. Januari hii sista aliyekuwa mlezi wa TYCS akahamishwa na shirika lake, kikaoni mkuu akasema we ticha shika kwa muda, na "kwa muda" ya kikaoni mnaijua wenyewe.

Sasa Alhamisi jioni nakaa nao, tunasali, wanaimba, tunajadili, na wameanza kuniamini, hapo ndo balaa lilipoanzia. Wiki mbili nyuma wameondoka wote kabaki dogo mmoja wa form three anafuta ubao, na ubao ulishafutwa. Nikajua huyu ana lake. Akaniambia yeye na wenzake wanne wanatokea kwenye uzio nyuma ya jiko usiku kwenda banda la mpira, yeye kaacha ila wenzake wanamwita msaliti, hapati usingizi. Nikamshukuru nikamwambia haya yanabaki hapa. Jumatatu kikao, mkuu anauliza nani wanatoroka, macho yote kwa mwalimu wa nidhamu. Nikasema nafuatilia. Nikiwataja TYCS imekufa, nisipowataja nakula mshahara wa bure. Na juu yake mkuu anataka niwe naita majina, asiyekuja TYCS aokote takataka Jumamosi. Ninao 60 kwenye daftari, wanaofungua mdomo kuimba hawafiki 10.

Mlioshika vyote viwili mlifanyaje?

kwaya_sauti_ya_nne
Pole mkuu, yaani wewe ndo polisi wewe ndo wakili wa mtuhumiwa 😂 rudisha kofia moja

Mzee wa Kigango
Milele na milele mwalimu. Mimi ni katekista, shule za serikali mbili naingia kipindi cha dini kila wiki. Hilo lako Kanisa lilishaliona zamani. Soma Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 985: gombera, yaani mkuu wa seminari, au mkuu wa taasisi ya elimu asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa hiari yake. Sababu iko wazi, mtu anayeamua nani abaki na nani arudishwe nyumbani hafai kuwa ndiye anayefunguliwa moyo. Kama padre mwenye daraja kawekewa uzio huo, sembuse wewe mwenye daftari la makosa. Nenda kwa mkuu na kanuni hiyo mkononi, mwambie akuache na moja. Mapadre wakuu wa shule huwa wanaielewa haraka.

Salesian_wa_moyoni
Mzee shikamoo, ila hapo sikubaliani sana. Don Bosco, padre aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, kule Torino alikuwa mkuu wa nyumba na muungamishi wa vijana haohao na hawakumkimbia. Mfumo wake ni akili, dini na upendo, mlezi yuko uwanjani anacheza nao kabla kosa halijatokea. Tatizo hapa ni fimbo, sio nidhamu. Ticha angekuwa anaangalia nao mpira nani angeruka uzio?

Mzee wa Kigango
Marahaba. Na mwaka 1901 Roma ikawakataza wakuu wa nyumba wa Kisalesiani kuwaungamisha walio chini yao, wakati mwenyewe alishafariki tangu 1888. Don Bosco mmoja, wakuu wa shule ni wengi. Ila la mpira umesema kweli.

Matroni2
Kaka yangu mimi kilichonishtua ni hilo la "haya yanabaki hapa". Usilirudie. Siri ya kitubio ni ya padre, wewe na mimi hatuna. Nilikuwa matroni wa bweni, binti akanifuata na ndoo ya maji mkononi, akasema matroni naomba usimwambie mtu, nikajibu sawa mwanangu kabla sijajua ni nini. Ikawa ni mjomba wake, ndiye anayemlipia ada. Nilikaa na ile "sawa" siku tatu silali, mwisho nikaenda ustawi wa jamii, na yule binti alininunia hadi anamaliza form four. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa ya mtoto kunyimwa haki yake aitoe kwa serikali ya mtaa au kijiji, haina cha mlezi wa dini. Siku hizi naanza mimi: ukiniambia unaumizwa nitamwambia mtu, na utajua ni nani. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, nimeiandika ukutani kwenye mlango wa bafu kwa sababu huko ndo wanasoma wakiwa peke yao. Kuruka uzio ni utundu, usichanganye na haya.

Mwalimu_Machakos
Huku Kenya PPI, kipindi cha mafundisho ya dini, iko kwa ratiba, hiyo wote wanaingia, lakini YCS ni ya kujitolea na inafaa ibaki hivyo. Ukipeana adhabu ya takataka kwa sababu ya sala umeharibu zote mbili. Halafu si TYCS yenu pia inatumia Ona, Amua, Tenda? Cardijn yule padre Mbelgiji aliianza na vijana wa viwandani na hakuwaletea mada za juu juu, aliwauliza bosi anawalipa aje. Wape hiyo ya banda la mpira wajadili, bila kutaja mtu. Wangu walifanya hivyo na simu, wakaandika barua kwa principal wakaomba simu moja ya bweni Jumapili. Walipata.

Ticha_Kemia
Wakuu nashukuru sana, dada Matroni umenikalisha chini. Mrejesho: dogo nimemwita nikamwambia nilikosea kuahidi vile, kwamba uzio nitausemea ila majina hapana, akanywea kidogo akaitikia. Uzio umezibwa Jumanne. Alhamisi tukafanya ile ya mpira, hawakumalizana mpaka kengele ya prepo, wanaomba TV ya bwalo Jumamosi usiku. Mkuu nilimpelekea kanuni, akaisoma mara mbili, akasema sista mwingine anaweza kuja mwezi wa saba. Kuita majina kaniruhusu niache. Nidhamu bado ninayo.

Mzee, ukiwa na mwongozo wa walezi wa TYCS nitumie inbox, wa sista aliondoka nao.