Wa Mtwara na Lindi, 9 Desemba kwenu ikoje? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Kila mwaka ikifika 9 Desemba runinga inatuonyesha gwaride na halaiki za huko juu, na Kusini tunakumbukwa Mwenge ukipita. Naomba tusimuliane ya kwetu: wazee wenu waliupokeaje uhuru wa 1961, na nyinyi siku hii mnaifanyaje? Ugomvi wa vyama una nyuzi zake, tuuache huko.

Naanza. Marehemu babu alikuwa kuli bandarini Mtwara. Kwa wasiojua, bandari ile Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga za Nachingwea, na reli wakaweka. Mpango wa karanga ukafa 1951, reli nayo ikang'olewa baada ya uhuru. Babu alikuwa akisema Mwingereza alituachia gati zuri na mizigo ya kubabaisha. Siku ya uhuru yenyewe alikumbuka ngoma tu, na kwamba hakuna aliyelala.

Mtu wa Newala
Mkuu, asante kwa uzi. Mimi nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nimekulia Newala. Ukisimama pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lote liko chini yako, ng'ambo ni Msumbiji. Shuleni tulikaririshwa maneno ya Mwalimu ya mwaka 1959, kwamba tutauwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu. Uhuru ulipofika, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha kweli. Wenzetu wa Moshi yawezekana wakisikia maneno yale wanawaza mlima. Sisi tulikuwa tunawaza mpaka, maana tunauona kwa macho.

Babu mzaa mama ni Mmakonde na nusu ya ukoo wake uko ng'ambo. Mwaka 1961 binamu zake walivuka kuja kusherehekea. Wakacheza, wakachinja mbuzi, kisha wakarudi kwao kwa Mreno, kwenye kodi na kazi za kulazimishwa. Anasema alipowasindikiza ndipo sherehe ilipomwingia shubiri. Vita vilipoanza kule Septemba 1964, wale wale wakaja tena, safari hii usiku, watoto mgongoni. Serikali iliwaita wakimbizi. Nyumbani walikuwa shangazi na wajomba, wakagawiwa shamba la muhogo na mahali pa kulala, basi. Karibu na mto kulikuwa na mabomu ya kutegwa, na wapo waliopoteza miguu wakifuata maji.

Ndiyo maana mzee huyu ukimuuliza uhuru ulikuja lini anakuuliza kwanza, "Upi?" Wa 9 Desemba 1961 au wa 25 Juni 1975? Kwake yeye ule wa kwanza ulikuwa bado haujaisha hadi Mreno alipoondoka. Nami nakubaliana naye, na sidhani mtu wa mikoa ya kati anaweza kulihisi hili kama sisi.

Binti Rutamba
Mtu wa Newala, umenigusa kaka yangu. Rutamba kwetu, Lindi, ndiko serikali ilikowapa makazi wengi waliokimbia Msumbiji. Nimesoma na wajukuu zao. 9 Desemba tunakula wote, 25 Juni tunakula kwao. Mtoto wa Rutamba ana sikukuu mbili za uhuru, wivu ruksa 😀

Mkulima Tandahimba
Mimi nawarudisha kwenye korosho. 9 Desemba inaangukia msimu unapoelekea ukingoni. Pesa ikiwa imetoka, mtaona pilau na watoto wana nguo mpya. Ikiwa haijatoka ni ugali na mbaazi, na uhuru tunausikiliza redioni. Desemba 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, wanangu waliona magari ya wanajeshi kijijini wakadhani gwaride la Uhuru mwaka huo limeletwa Tandahimba. Nikawaacha washangilie.

Chuma cha Reli
Mie ni siku ya kulala. Miaka yote hiyo mnasherehekea nini hasa?

Mama Mikindani
Lala baba, kulala bila kuulizwa na mtu ni mojawapo ya matunda yake. Mama yangu alikuwa akilipishwa faini kwa mambo ambayo leo hata mgambo hayasemi.

Mimi naikumbuka ya 2015. Rais Magufuli alifuta sherehe, akaagiza nchi nzima ifanye usafi. Mikindani tulishuka ufukweni na fagio na matoroli, tukatoa nyavu chakavu na chupa. Wapo walionuna wakisema sikukuu imegeuzwa msaragambo. Kwangu ilikuwa nzuri kuliko hotuba, na pweza tuliyemla mchana ule alikuwa na utamu wake.

Mmatumbi Asilia
Mnaanzia 1961, mmechelewa. Njooni Nandete, wilaya ya Kilwa, ambako mwaka 1905 wazee waling'oa pamba ya Mjerumani na Majimaji ikaanza. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro Agosti mwaka ule ule, vita vikaendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua kuliko risasi. Bibi yangu hakuwahi kusema "tulipewa uhuru". Alisema "tulirudishiwa".

Mkazi wa Shangani
Mmatumbi, hapo umeninyamazisha.

Jirani wa Kilwa Masoko
Kidogo tu. Mama yangu ana msimamo wake kwamba mtu wa Kusini alipata uhuru 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji. Kabla ya hapo masika yakiingia, ukifika mtoni unangoja pantoni, na barabara nyuma yako ni tope. Aliwahi kusubiri na mgonjwa. Tukimwambia mama, uhuru ni 1961, anasema hiyo ilikuwa ya Dar es Salaam.

Mtu wa Newala
Mama yako simpingi. Ila na daraja la Mtambaswala, lile la 2010, tulitaje. Babu nilimpeleka akavuka Ruvuma kwa miguu mchana kweupe, akafika katikati akasimama kuwasalimia watu asiowajua, kila anayepita. Tulichelewa gari.

Binti Rutamba
Kuna aliyewahi kuingia ile kambi ya zamani ya FRELIMO pale Nachingwea, alikokuwa Samora Machel? Nataka niwapeleke wanafunzi Juni.

Mjukuu wa Nachi
Mimi ni mwenyeji, dada. Bibi aliwauzia wale vijana kuku na ndizi, na nyimbo zao za mchakamchaka anazijua hadi leo, Kireno na yote. Anza na ofisi ya wilaya upate kibali, halafu niandikie pembeni. Bibi atawaimbia, ila mje na sukari.