Nataka kusomea uhazili baada ya kidato cha nne: nianzie wapi?

Binti wa Urambo:
Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha nne na kupata D tano, moja ikiwa ya somo la dini, na ninatamani kusomea uhazili, yaani kazi za ukatibu wa ofisi, ili niwe mwandishi mwendesha ofisi serikalini. Mjomba wangu ananishauri nisome kozi ya kompyuta ya miezi mitatu kisha nianze kuomba kazi, kwa kuwa siku hizi wakuu wengi wanachapa barua zao wenyewe na hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunukuu maneno kwa haraka, imepitwa na wakati. Je, ushauri huo unafaa?

Mhazili Mstaafu:
Marahaba, mwanangu. Mjomba wako anakutakia mema, lakini kwa ajira ya serikali njia hiyo itakufikisha mlangoni tu. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II: yamekuwa yakitaka stashahada ya uhazili, ufaulu wa hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika, na ujuzi wa programu za ofisi. Cheti cha kompyuta peke yake hakijazi nafasi ya hayo mawili ya mwanzo.

D zako nne zisizo za dini ndizo kiwango cha chini kinachotakiwa kwa kawaida kuanza astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4. Ukifaulu unapanda ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Kwa kuwa uko Urambo, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tabora, na sisi wa zamani bado tunaiita Chuo cha Uhazili. Ukichagua chuo kingine, hakikisha kwanza kwamba kinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, maana vyuo vya vichochoroni ni vingi na ada hairudi.

Mtu wa Masjala:
Ninaunga mkono, ila ningependa kuongeza jambo ambalo wanafunzi wengi hulidharau, nalo ni majalada, yaani mafaili ya barua na nyaraka za ofisi. Mkuu akiuliza, "Lile dokezo la ununuzi wa samani liko wapi?", anayeokoa siku ni mwandishi anayejua jalada lilitoka lini masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, liko kwa ofisa gani na barua husika ni folio namba ngapi, yaani ni ya ngapi ndani ya jalada. Wapo wachapaji hodari ambao barua zao huenda bila kumbukumbu namba, na majibu yanaporudi hakuna anayejua yawekwe kwenye jalada gani. Isitoshe, barua ya siri haiachwi wazi juu ya meza hata kama unakwenda kumpokea mgeni hatua mbili tu.

Dada wa Mapokezi:
Kwa upande wa kampuni binafsi, nadhani mjomba hajakosea sana. Mimi sijawahi kuulizwa hatimkato katika usaili wowote. Niliulizwa Kiingereza cha kuandika barua pepe, jinsi ya kupanga miadi inayogongana, tiketi za safari na hesabu za fedha ndogondogo za ofisi. Mdogo wangu akikosa nafasi serikalini, kompyuta itamfaa; kwa hiyo asiiache, aisome pamoja na uhazili.

Binti wa Urambo:
Ninawashukuru sana. Kwa nini hatimkato iendelee kudaiwa wakati simu inaweza kurekodi kikao chote?

Mhazili Mstaafu:
Swali zuri, na wapo hata makatibu wenzangu wanaoliuliza. Kuna vikao ambavyo simu haziruhusiwi kuingia. Pia ukirekodi saa tatu za mazungumzo, utalazimika kuzisikiliza upya, ilhali muhtasari hauhitaji kila neno: unahitaji mahudhurio, yatokanayo na kikao kilichopita, hoja, maazimio, na nani atekeleze nini kabla ya lini. Mkono uliozoea hatimkato huchuja hayo palepale. Kasi yenyewe huja kwa kuandika imla kila siku. Taarifa ya habari ya redio inatosha kwa mazoezi, na wanaosubiri wiki ya mtihani ndio wanaofeli somo hilo.

Wakati unasubiri udahili, shughulikia cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na hakikisha majina yako yanafanana katika nyaraka zote. Kurekebisha herufi moja kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko tangazo la kazi linavyokaa wazi.