Tupeane uzoefu: mliowahi kutafuta mababu wa Kiingereza waliokuwa vibarua wa mashamba

Mama Wawili
Wakuu, habari za jioni. Naishi Norwich, mume wangu kazaliwa huku huku Norfolk. Mwaka jana kijana wetu alipewa kazi ya shule: ukoo wako, pande zote mbili. Upande wangu uliisha kwa simu moja. Nilimpigia mama Korogwe, akanimwagia majina hadi babu wa babu yake, na nani alitolewa mahari ya mbuzi wangapi. Upande wa baba yake tukakwama kwa babu wa pili. Baba mkwe akasema, "Sisi tulilima mashamba ya watu, nani angetuandika?"

Kumbe waliandikwa, kazi ni kuwapata. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, na sensa ya kwanza ya kutunzwa yenye majina ya watu ni ya 1841. Hiyo ya 1841 iliniliza. Watu wazima wengi umri wao umeshushwa hadi tano ya chini, mtu wa miaka 39 anaandikwa 35. Mahali alipozaliwa hapatajwi, ni ndiyo au hapana tu kama ni kaunti hiyo hiyo. Nendeni ya 1851, inataja kijiji. Kwenye safu ya kazi mtakuta "Ag Lab" ukurasa mzima, karani kachoka kuandika kibarua wa shamba kwa kirefu.

Kosa langu: parokia moja, wanaume wawili, jina moja, wote vibarua, wake zao wote Mary. Nilimfuata babu wa watu miezi minne! Kilichoniokoa ni faharasa ya vizazi ya ofisi ya usajili, ile ya mtandaoni, maana inataja ukoo wa mama kabla hajaolewa, tangu 1837. Wanaume wanafanana majina, wake zao wanatoka koo tofauti.

Wengine mlifanyaje?

Kiguu na Njia
Dada, swali la kichokozi: kuna urithi huko?

Mama Wawili
Ungekuwepo mashemeji zangu wangeshautafuna.

Mtu wa Nakuru
Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzungu wa reli Nairobi, akarudi kwao bibi akiwa mdogo. Tulibaki na jina lake na jina la kijiji cha Wiltshire, limeandikwa nyuma ya picha. Nilipokuja Leicester kikazi nikaanza kuchimba. Ukoo mzima ni vibarua. Kabatizwa, kaoa, kazikwa, kwisha habari yake. Isipokuwa mmoja.

Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza waliinuka wakavunja mashine za kupura nafaka. Kupura kwa mkono ndiko kulikokuwa kunawalisha majira ya baridi, shamba likiwa limelala. Mashine ikija, familia inashinda njaa mpaka masika. Wiltshire iliwaka. Huyu kaka wa babu yetu alihukumiwa Salisbury Januari 1831, akapakiwa kwenye meli ya wafungwa hadi Australia.

Sasa oneni maajabu. Mdogo wake, aliyelima kwa utiifu maisha yake yote, nina mistari mitatu juu yake. Huyu mvunja mashine nina urefu wake, rangi ya macho yake, kovu juu ya nyusi, na kwamba alijua kusoma lakini kuandika hajui. Serikali humtazama vizuri mtu aliyeiudhi. Kwa hiyo babu akipotea ghafla kijijini, msikimbilie vitabu vya maziko, pitieni kwanza daftari za mahakama na za wafungwa.

Binti Pangani
Mimi nahudumia wazee majumbani, Suffolk. Kuna mmoja nilimhudumia miaka mitatu, sasa marehemu. Nilimwita Babu, naye akazoea. Jioni baada ya dawa tulikuwa tunafungua kishikwambi tunatafuta watu wake.

Tulikwama kwa mama wa bibi yake. Kwenye kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1820 jina la baba halipo, mchungaji kaandika tu kuwa mtoto ni wa nje ya ndoa. Babu akanyamaza, nikadhani nimemuudhi. Kumbe hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa sheria ya mwaka 1662 kila maskini alikuwa na parokia yake ya kumtunza. Ukionekana utakuwa mzigo kwenye parokia isiyo yako, unapelekwa kwa mahakimu wawili, unahojiwa, unarudishwa kwenu. Na mwanamke mjamzito asiye na mume alifukuzwa upesi kuliko wote, kwa sababu mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa, nao ndio watakaomlisha.

Karatasi hizi nyingi haziko mtandaoni. Niliandika barua pepe kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, wakatuletea nakala ya mahojiano ya yule mama wa mtoto. Kazaliwa wapi, katumikia nyumba ya nani, miezi mingapi, kwa ujira gani. Msichana asiyejua kuandika, maisha yake yote yako ukurasa mmoja, chini kaweka alama ya X. Halafu kwenye hesabu za fedha za maskini wa parokia tukakuta kanunuliwa viatu. Babu aliniambia nimsomee mara mbili, akarudi kwenye vile viatu, akauliza bei yake tena.

Kiguu na Njia
Basi naacha utani. Mke wangu watu wake ni wa Dorset. Gharama ikoje?

Mzee wa Faharasa
Mkuu, anza na tovuti za FreeBMD na FamilySearch, hulipi kitu. Tovuti za kulipia uliza maktaba ya mtaani kwako, nyingi zinakuruhusu ukiwa pale pale. Vyeti usinunue mpaka umehakikisha kwenye faharasa. Jina lijaribu kwa H mwanzoni na bila H, karani aliandika alivyosikia. Sensa ya 1931 iliungua 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo kutoka 1921 unarukia daftari la 1939, lile la kuandikisha watu vita ilipoanza. Kabla ya 1837 ni vitabu vya parokia. Kitabu kikiwa kimeliwa na unyevu, ulizia nakala zilizokuwa zinapelekwa kwa askofu.

Mama Wawili
Mzee, nisaidie hapa. Nina ndoa ya Oktoba 1740, na mtoto wao kabatizwa Februari 1740. Nimeshaandika kuwa alizaliwa kabla ya ndoa.

Mzee wa Faharasa
Futa. Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1740 yao ni Februari 1741 yetu.

Mama Wawili
Kwa hiyo kazaliwa ndani ya ndoa!

Mzee wa Faharasa
Hesabu miezi, dada.

Mama Wawili
Minne. Na baba mkwe nimeshamwambia walikuwa watu wa kanisa sana.